Kichaka cha Kaburi la Mama

Kisinga, Kasese
10 Juni 2025

Mpendwa dada Nuwasiima,

Salamu nyingi toka nyumbani. Hujambo huko Athi River? Na shemeji, kile kifua cha vumbi la simenti kimepoa? Sisi tunapumua.

Nakuandikia kuhusu shamba la mama. Uliposhindwa kufika mazishini, ulisema pasiguswe jani mpaka uje kutupa udongo wako mwenyewe kaburini. Nikatii. Miaka miwili imepita, na ule uzio wa maua ya miba alioupanda mama umemeza kaburi, kahawa na njia. Ndani wamehamia nguruwe pori.

Unajua sheria ya kijiji: kila mwenye shamba afyeke kichaka chake, kisha wote wanatoka pamoja kuwasaka nguruwe. Hakuna anayeingiza panga kwa mwenzake bila ruhusa. Mwenyekiti Bwambale alikuja kwangu mara tatu. Mara zote nilimjibu angoje dada aje. Mkaidi ni mimi, usijilaumu peke yako.

Mwaka jana tulianza kupakana na mzee Nzanzu, mkimbizi toka upande wa Beni, Kongo, na mkewe Geneviève. Walikodi kale kashamba ka jirani yetu Kule wakalima muhogo. Nguruwe wakatoka kwetu wakaufukua wote. Mzee akaja akasimama mlangoni, akaniambia kwa upole, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Mutoto yangu, nguruwe ya kwenu beko nanenepa. Miye na bibi yangu tutakula nini?" Nikamwambia avumilie. Ndivyo nilivyomjibu, dada.

Mwezi wa nne njaa iliwavusha mpakani Mpondwe, wakarudi Kongo kuvuna muhogo wa shamba lao la zamani, huko kwenye vita. Geneviève amerudi peke yake. Mzee aliuawa shambani, na yeye akakimbia bila kumzika.

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alikaa uani akaambua maharage na mke wangu Kobusingye mpaka yakaisha. Majuto ni mjukuu, na mimi ndiye ninayempakata.

Jumamosi kijiji kizima kinaingia kufyeka, mimi mbele. Sikuombi ruhusa, nakuarifu. Najua utalia, na mimi nitalia. Lakini sisi tutaliona kaburi la mama tena. Geneviève hana hata kaburi la kufyekea kichaka.

Wasalimie shemeji na watoto, Asiimwe na Nobert. Kobusingye anakukumbatia. Mungu aliyempokea mama awalinde kazini na njiani.

Mdogo wako anayekupenda, hata ukinikasirikia,
Mwesigwa