Tundu la Pili

Tassia

Mwende mjukuu wangu,

Sisi huku hatujambo. Mamako amepata kibanda sokoni na sasa anaimba akipika.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema kiini cha seli kimefunikwa na tando mbili, na tundu la kupitishia vitu likihitajika, protini hujikusanya ndani kwanza, utando wa ndani ukavimba mpaka ukagusa wa nje, zikashikana. Unauliza kwa nini seli isitoboe tu. Tena unasema labda masomo haya si yako.

Nikiwa msichana nilishona makoti kiwandani Industrial Area, nikienda kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga. Siku ya kwanza kupewa matundu ya vifungo, nilishika makasi nikakata kitambaa cha nje na bitana ya ndani kwa pamoja. Kingo zikafumuka, pamba ya katikati ikaanza kutoka. Nilijua nitafutwa kazi.

Mama Otieno wa cherehani ya pili hakunigombeza. Aliniambia, "Shona kwanza vishikane, halafu ndio ukate."

Tundu lililofuata nikashona kuzunguka alama yake ya chaki, ndipo nikakata katikati. Pamba haikutoka hata kidogo, maana vitambaa viwili vilikuwa vimekuwa ukingo mmoja. Nadhani seli yako inajua hilo.

Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Wewe umeuliza, kwa hivyo usiache.

Koti lile lilikataliwa kiwandani, nikabaki nalo. Nakutumia, huko Eldoret kuna baridi. Tundu la juu limefumuka hadi leo. La pili bado linashika kifungo.

Nyanyako