Kwa Laurenti Mughwai, Uliyewaleta Chiriku Kikaoni

Mwaka umetimia, Baba Philipo, tangu kichomi kikunyakue mwezi wa saba mwaka jana, na watu wanatuambia sasa tumezoea. Hatujazoea. Leo tunazungumza na wewe, lakini tunazungumza kwa sauti, hapa gazetini, ili na wengine wasikie, hasa wale ambao wangependa tunyamaze.

Ulikuwa mwalimu wa baiolojia. Ulisoma Makerere, na ungetaka kubaki mjini na suti yako hakuna ambaye angekulaumu. Ukarudi Singida kufundisha sekondari, na kila jioni ukapanda baiskeli kuja nyumbani Unyambwa. Ulikuwa ukipiga viatu rangi Jumamosi usiku, na Jumapili kabla ya misa vimeshachafuliwa na ndege. Chai ulikunywa bila sukari, ukidai sukari inakwaruza sauti ya mwalimu, na hakuna hata mmoja nyumbani aliyekuamini. Mkutano ukiwa mrefu ulisinzia waziwazi, halafu ukaamka na swali ambalo lilimfanya mwenyekiti ajute kukuamsha.

Na ulifuga chiriku. Hilo ndilo watu hawakukusamehe. Huku kwetu mtoto akishaweza kushika jiwe anapelekwa shambani kuwinga ndege wasimalize uwele na mtama, na wewe, mtu mzima na digrii yako, unawalisha ndege haohao kwa kijiti! Walikuita Mwalimu wa Chiriku. Wewe ulicheka. Mimi mkeo sikucheka. Kisimani niligombana na wanawake wawili kwa ajili yako, na mmoja wao mpaka leo tunasalimiana kwa shingo upande.

Nataka nieleze ulichokuwa unafanya, kwa sababu wengi waliokucheka hawakuwahi kukuuliza. Ulichukua makinda ya kiota kimoja kabla hayajafumbua macho. Mengine uliyaweka kwenye kizimba barazani, karibu na chiriku dume mzee anayeimba kutwa. Mengine uliyalea katika chumba cha ndani kabisa cha tembe letu, ukuta mnene, mlango umezibwa kwa nyasi na magunia, yasisikie ndege yeyote. Ulitaka kujua kama chiriku anazaliwa na wimbo wake au anaupata kwa kusikia.

Mara ya kwanza kazi yote iliharibika, na aliyeiharibu ni mama yako. Bibi Theresia aliona huruma. Kila asubuhi alijipenyeza humo chumbani kuwasalimia kwa Kinyaturu, kisha akawaachia mlango wazi wapate hewa na kelele za wenzao. Ulipogundua ulimuuliza kwa upole, naye akakujibu, "Sasa kiumbe cha Mungu kikae humo ndani hakisalimiwi na mtu? Wewe umelelewa hivyo?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukaanza upya, na makinda mengine.

Mara ya pili ikafaulu. Wale wa barazani walianza kwa kubwabwaja, kama mtoto anayesema ba-ba-ba, wakajirekebisha kidogo kidogo mpaka wakaimba kama yule dume mzee. Wale wa chumba cha ndani walibwabwaja vilevile, lakini hawakufika popote. Mmoja akifa uliupasua ubongo wake kwa wembe, ukauangalia kwa hadubini ya shule. Hukuwahi kumuua hata mmoja kwa ajili hiyo. "Ipo mahali humu sehemu inayoshika wimbo," uliniambia. "Siioni, lakini ipo. Kama sitaiona mimi ataiona mwingine." Rafiki yako mmoja wa Makerere alikushauri uwatoboe masikio baadhi yao, uone watakuwaje wasipojisikia wenyewe. Ulikasirika kwa namna ambayo sikuwahi kukuona. Ukamjibu kwamba nyumbani kwenu yupo Sara, na huna haja ya kumfanya kiziwi kiumbe mwingine.

Sara ni mtoto wa mdogo wako Andrea na mkewe Dorkas. Alikuwa anasema vizuri tu, na mdomo wake ulikuwa mrefu, mpaka alipofika miaka mitatu akapata homa ya uti wa mgongo. Hospitali ilimponya, tukashukuru Mungu. Kumbe masikio hayakupona. Hatukujua. Tuliona tu maneno yanapungua, leo moja, kesho lingine, mpaka akawa anaguna na kuvuta nguo ya mama yake. Wazee wakasema koo limeharibika, akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Huku kwetu mtoto akikohoa sana, akikonda, akichelewa kusema, jibu ni hilohilo moja. Mkataji akaitwa. Dorkas alikuja kwangu analia, kwa sababu kuna mtoto wa jirani aliyekatwa akatoka damu hadi akazikwa.

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili baada ya misa. Ukaingia na vizimba viwili vimefunikwa khanga yangu.

"Laurenti," mama yako akasema, "tuko kwenye mambo ya mtoto. Ndege wa nini hapa?"

"Mama, naomba wazee wasikilize kwanza. Sichukui muda."

Ukafunua kizimba cha kwanza. Chiriku akaimba kama chiriku wote wa shambani, na wazee wakabaki wanakutazama tu, maana hilo halikuwa jipya kwao. Ukafunua cha pili. Yule akakwaruza, akarudia mlio uleule mbaya, akanyamaza, akakwaruza tena.

"Huyo anaumwa," akasema baba yako, Mzee Kefa.

"Haumwi, baba. Anakula na anaruka. Koo lake ni kama la mwenzake, na wametoka kiota kimoja. Tofauti ni kwamba huyu hakuwahi kumsikia chiriku mzee akiimba. Sasa naomba mniambie, huyu nimkate nini ili aimbe?"

Mzee Kefa akauliza swali ambalo ulikuja kulisifu maisha yako yote: "Lakini mbona jogoo? Kifaranga unaweza kumlea peke yake, na akikua anawika. Nani kamfundisha?"

"Hakuna, baba. Jogoo anazaliwa na mlio wake. Chiriku ni lazima ajifunze, na kujifunza kunapitia masikioni. Binadamu yuko upande wa chiriku. Sara koo lake ni zima. Hasikii."

Mzee mmoja wa ukoo, jina tunaliacha kwa kuwa mwenyewe anajijua, akasimama. "Kwa hiyo tulikuombea ufike Makerere ili urudi kumfananisha mtoto wetu na ndege?"

"Ndiyo," ukasema. "Na kama mngemtunza kama ninavyowatunza hawa, leo asingekuwa anasubiri kisu."

Tulidhani patachimbika. Bibi Theresia, ambaye ndiye aliyemwita mkataji, akainuka, akamshika Sara mkono, akasema, "Mkataji arudi kwao. Chakula ale, lakini arudi kwao." Akatoka na mjukuu wake.

Watu wengi wanadhani ulishinda siku ile, ukalala usingizi. Mimi ndiye niliyekuona baadaye. Ulimchukua yule chiriku mkubwa asiyejua kuimba ukamweka barazani karibu na wenzake, msimu mzima, ukisubiri. Hakujifunza kitu. Ulikaa jikoni kwangu, chai imepoa mkononi, ukaniambia, "Mama Philipo, huyu muda wake umepita. Ubongo wa kinda una kipindi chake cha kupokea, na kikipita kimepita. Wa Sara bado unapokea, lakini sijui ni mpaka lini." Uliogopa, Laurenti. Nilikuona unaogopa, na nilikupenda zaidi kwa hilo.

Kuanzia hapo hukupumzika, wala hukutupumzisha sisi. Ulisema hujasoma popote, ni wazo lako tu, kwamba huenda ubongo haujali lugha inaingilia masikioni au machoni, ili mradi iingie mapema. Basi ukaamuru nyumba nzima tuseme kwa mikono. Maji, moto, ng'ombe, njoo, hapana, kwa nini. Philipo alijifunza haraka na kutukana kwa mikono akajua, ukamchapa ukiwa unacheka. Kazi ilikuwa kwenye shikamoo. Wazee walilalamika kwamba mtoto anawapita bila salamu kama mbuzi. Ukamfundisha Sara apige goti na kuweka viganja viwili kifuani, na ukawaambia wazee marahaba yake ni kumgusa kichwani. Mzee Kefa alikataa, akasema yeye hasalimiwi kibubu. Siku ya tatu tulimkuta amekaa mlangoni anamsubiri mtoto apite.

Mwaka 1974 tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Tembe likabaki bila paa, na katika nyumba mpya zilizopangwa mstari hakuna chumba ambacho huwezi kumsikia jirani anapiga chafya. Kiongozi mmoja akaona vizimba juu ya lori akaagiza ndege wauawe, eti ni maadui wa kilimo. Ulimwambia hawa wamekula uwele wangu mimi mkeo tu, na mimi sijalalamika. Kisha ukafungua milango mwenyewe, ukawaachia warudi porini. Nilikuuliza kama inakuuma. "Inaniuma sana," ukasema. "Lakini walichonifundisha ninacho, na mwenye kukihitaji ni huyu." Wiki ileile ukampakia Sara kwenye basi hadi Manyoni, mkapanda treni, ukamfikisha shule ya watoto viziwi kule Tabora.

Likizo ya kwanza alirudi na ishara nyingi kuliko zetu zote, akacheka jinsi tunavyosema ovyo. Alikusahihisha wewe mbele ya wageni, ukaona fahari kama umepandishwa cheo. Mwezi wa saba ukaumwa kifua. Ulilazwa siku chache tu, na mkono ulipokuwa hauinuki tena ulikuwa bado unamwonyesha Sara kwa vidole viwili, soma, soma.

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Hata matanga hayajaanuliwa, yule mzee ambaye jina lake tumeliacha alisema mambo ya Laurenti yamekufa na Laurenti. Mwaka mzima amekuja na hoja hiyo. Kwamba mtoto wa kike, tena kiziwi, Tabora anatafuta nini? Kwamba arudi achunge mbuzi, mbuzi hawahitaji maneno. Likizo hii amekuja na wenzake wawili wakataka Andrea aape kwamba Sara hatapanda basi tena. Andrea ni mpole, wewe unamjua. Tuliogopa atakubali. Kisha akamwambia yule mzee, "Baba, shikamoo, na samahani. Kaka yangu alipoteza usingizi kwa ajili ya mtoto huyu. Mimi sitampotezea mtoto wakati wake." Yule mzee akaondoka bila kunywa togwa yetu, na ametangaza kwamba kwenye misa yako hatakuja. Asije. Padre atasoma jina lako hivyohivyo.

Basi sikia, Baba Philipo, na wengine wasikie. Sara harudi kuchunga. Ana miaka tisa, anasoma, anaandika, anauliza maswali mpaka tunajificha. Akili yake bado inapokea, na maadamu inapokea tutampelekea. Kama ni kuuza ng'ombe tutauza. Kama ni kuchekwa, tumeshachekwa kwa ajili ya chiriku, tunajua inavyokuwa. Kuna usiku ninakasirika na wewe kwa kuondoka mapema hivi, kabla hujaona. Nalia, kisha naamka nakwenda shambani. Kifo kimekuchukua, lakini kazi uliyotuachia hakikuichukua.

Tunakukumbuka mimi mkeo Theodora, mwanao Philipo, wazazi wako Mzee Kefa na Bibi Theresia, mdogo wako Andrea na Dorkas, walimu wenzako, wanafunzi wako, hata wale uliowafelisha, na majirani wa Unyambwa waliokuja na kuni na maji bila kuitwa. Misa itasomwa Jumapili, na chakula kitaliwa nyumbani. Siku ya kukusahau wewe haipo kwenye kalenda yetu.

Nilipotaka kuliandika jina la Sara pamoja na yetu, alininyang'anya kalamu. Tumemwomba mhariri asiguse hata nukta:

"Baba mkubwa mimi Sara. Nakumbuka mikono yako. Jumatatu basi. Wamesema nisiende. Nimesema naenda."