Karani wa Mahame

Jumatano, Mlandege. Ukungu haujainuka tangu alfajiri, na mimi nimeshabadilisha kiti mara tatu. Daktari amesema moyo umechoka. Umechoka, lakini hautulii.

Kwa miaka minne nimeongoza kundi letu la mtandaoni kwa jina la Mlinzi wa Mahame. Mtu anaandika jina la babu yake, nami namwelekeza kwenye hame lao, palipokuwa na nyumba yao kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vipya miaka ya sabini: pita mwamba uliopasuka, kaburi liko nyuma ya zizi. Wanakwenda, wanakuta. Wanawamwagia wazee wao pombe, wananitumia picha.

Wananisifu kwa kumbukumbu. Hakuna aliyeuliza nimeipata wapi.

Jana wamenichagua kuongoza safari ya Jumamosi. Wanataka uso na jina. Mama Neema, anayeuza vitenge Mwanjelwa, alituma sauti yake huku akicheka: "Babu Mlinzi, wewe ni mtu au mzimu? Maana kama ni mzimu, mbona una bando kuliko sisi!" Halafu akaacha kucheka. "Nataka kaburi la bibi yangu, mama alione kabla hajafumba macho."

Kaburi hilo nalijua.

Nilikuwa karani kijana wa uhamisho ule. Niliandika nyumba moja moja, na ambayo wenyewe walikataa kuhama niliitia msalaba, mgambo wakachoma paa. Ya bibi yake Mama Neema niliitia msalaba mahindi yakiwa bado kihengeni. Aliniomba ayatoe kwanza. Nikamjibu, "Amri haingoji mahindi, bibi."

Alifia kijiji kipya kabla ya mvua. Wanawe wakamrudisha, wakamzika penye majivu. Nilisimama mbali, nikitazama.

Mtu wa kufa naogopa nini? Naogopa wasiniite tena Babu.

Saa nne leo nimeweka picha yangu na jina langu, nikaandika yote. Wengine wakajitoa kundini. Mchana ndipo Mama Neema akajibu:

"Mzee, leo sikusamehe. Ila usife kwanza. Jumamosi utasimama mbele ya mama, umwonyeshe kwa mkono wako."

Nimemeza dawa niliyokuwa naikwepa tangu Jumapili. Lazima nifike.

Lakini nitamwamkiaje mama yule? Nitathubutu kumwambia "kamwene", kama mtu wa nyumbani?