Wageni wa Kesho Wamekuja Leo

Sigrun, nimeaibika. Nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Ule ukurasa wa mwaliko nilioutengeneza mwenyewe umewaleta wageni leo Ijumaa. Sherehe ya kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa ni KESHO.

Watu thelathini mlangoni wanaimba, naye yuko na gauni la kulalia na rola za nywele kichwani!

Niliandika tarehe bila saa. Programu ikaichukua kuwa saa sita usiku kwa saa za Greenwich, Uingereza, na wakati huo sisi Winnipeg bado tuko jioni ya jana yake. Kila simu ikaonyesha Ijumaa. Na mimi, mtu makini, nilikagua nilichoandika mara tatu. Ukurasa wenyewe sikuufungua hata mara moja.

Lakini si hilo. Mama mkwe, Orysia, alinivuta pembeni, akaninong'oneza: "Mwanangu, niambie kweli. Siku yangu ni leo? Nimeanza kusahau?"

Unajua anavyoogopa ugonjwa wa kusahau uliompata dada yake.

Nikasema mbele ya wote: "Mama hajasahau kitu. Nimekosea mimi."

Akashusha pumzi ndefu. "Mungu ashukuriwe! Kumbe mjinga ni wewe!"

Sigrun, sijawahi kutukanwa nikafurahi hivi.