Andika Kambale

Siku ya kwanza ya juma, 1/10/2001. Kalunguta.

Uniformes sita za batoto ba masomo zinabakia kushona mbele ya posho, siku ya sita ya juma, na mashini inakula uzi tena. Asubuhi nilisimama kuchukua mukasi, nikaona damu ku kiti. Nyekundu, ya kungaa. Hakuna fasi inaniuma. Nilipanguza kiti, nikabadirisha kikwembe, nikaendelea na vifungo. Mimba iko na miezi saba. Mutoto anapiga teke sawa kawaida.

Mama mukwe aliona kikwembe mu beseni. Anasema hata yeye alitokaka damu na mimba ya Baba Paluku, bwana yangu, na hakuna mutu alikufa. Hapa kwetu mutu akisema haimuume, banamurudisha ku shamba. Sawa. Nimerudi ku mashini.

Siku ya tatu, 3/10.

Damu ilirudi, mingi kuliko ya kwanza. Tena bila maumivu. Nilienda mwenyewe ku centre de santé, fasi ya dawa. Accoucheuse wa pale, ule anayezalisha bamama, ni kasichana, nilitaka kumudharau. Nikalala ku meza, nikafungua miguu, nikangoya kidole. Yeye akasema hapana mama, funga. Mama anayetoka damu bila maumivu, hapana kumugusa ndani. Halafu akaona kovu ku tumbo. Ni ya Paluku, mutoto yangu wa kwanza, iko na miaka ine sasa. Balinipasuaka tumbo kwa kumutoa. Sura ya kasichana ikabadirika.

Aliandika karatasi: Butembo, leo hii. Nikamuambia niko na uniformes. Akasema, mama, vifungo bitakungoya. Kumbe kasichana kako na kichwa.

Paluku alilia wakati nilipanda pikipiki. Nilimuacha kwa mama mukwe.

Siku ya tano, 5/10. Butembo.

Échographie, ile mashini ya kuangalia ndani ya tumbo. Ku écran ya mashini mimi naona ukungu tu, mais docteur anasema yeye anaona. Placenta, ile nyama inayomulisha mutoto na inayotokaka nyuma yake, ingepashwa kukaa juu. Yangu imelala chini kabisa, imefunika mulango. Na imelala juu ya kovu ya Paluku. Nikamuambia: donc ni mufuko balioshona ku mudomo ya mukoba, tena juu ya mushono wa zamani. Docteur alicheka. Akasema ndiyo mama, na mufuko wa namna ile ukiuvuta, kitambaa inapasuka nayo. Mimi sikucheka.

Maagizo. Hapana kuzala kwa njia ya kawaida, mulango ikifunguka nitamwaga damu yote. Batanipasua siku ya kwanza, 26/11, mutoto akiwa na nguvu. Mpaka pale nalala hapa, karibu na salle ya kupasulia. Hapana kubeba maji, hapana kufua, hapana bwana. Ya bwana ni rahisi. Baba Paluku alienda kutafuta maharagi Kanyabayonga, barabara ikafungwa na vita nyuma yake.

Tena kuna shida ya damu. Frigo ya damu inatumika siku kuna mazout, mafuta ya mashini ya umeme, na mazout haiko. Kila mama wa placenta ya chini alete mutu wake wa damu, alale karibu. Ya kwangu ni O négatif. Hata docteur alikuna kichwa. Mu famille yote ni Jeannette tu, dada yangu mudogo, iko nayo.

Docteur anasema ni mwanaume. Kwa hiyo ni Kambale. Kwetu jina hatuchague: kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka.

Siku ya Mungu, 14/10.

Jeannette alifika jana kutoka Beni. Ndoa yake ni mwezi wa kumi na mbili, kule kule Beni, na hapa alileta kitambaa ya robe ya ndoa, nyeupe, metre sita. Anasema, yaya, mukubwa yangu, si umelala tu? Basi shona. Haya iko nayo kidogo sana, huyu mutoto.

Ba infirmières, bauguzi ba hapa, banamuita Chupa, chupa ya damu yangu. Chupa, umekula? Chupa, umelala muzuri? Balimuambia akule maini na sombe, majani ya muhogo, ili damu yake ikuwe nzito. Anakula yake, halafu anakula yangu. Analala ku mukeka chini ya kitanda yangu na anakoroma. Nilimukemea mara tatu leo. Bila yeye ningekuwa wazimu.

Siku ya tatu, 24/10.

Damu kidogo. Docteur alikuya mbio, ikasimama yenyewe. Niliangalia dari mpaka saa sita.

Nimechoka na dari. Tangu utoto sijakaa bure siku moja. Nashona robe na mukono, nimelala upande wa kushoto, na mushono inaenda sawa njia ya mbuzi. Nafumua, narudilia. Kambale anapiga teke ku kitambaa. Namusikia kabisa.

Siku ya ine, 1/11.

Chauffeur mumoja wa lori alileta barua ya Baba Paluku. Iko Kayna. Muzima. Njia bado imefungwa. Anauliza kama mutoto amekuya. Mistari mine tu, na mine yote niliisoma mpaka karatasi ikalegea.

Siku ya pili, 6/11.

Mvua. Hakuna kitu.

Siku ya tatu, 7/11.

Masasi ya bunduki Kalunguta. Tangu asubuhi batu banaingia mu muji, na matelas za kulalia ku chukudu, ile baiskeli ya mbao, na mbuzi, na bazee ku mugongo. Jeannette alisimama ku barabara akauliza kila mutu. Basoda, baaskari ba vita, baliingia jana, bengine bakatoka, nyumba zimeungua upande wa soko. Mama mukwe na Paluku, hakuna mutu alibaona. Mama mumoja tu anasema aliona muzee mwanamuke na mutoto bakiingia mu pori. Haiko hakika.

Paluku anaogopa hata kuku.

Docteur alipita, akasoma sura yangu, akasema: Chupa hatoke hapa. Ule mutu ni maisha yako na ya mutoto. Nilimujibu ndiyo docteur.

Siku ya ine, 8/11.

Nimemutuma.

Jeannette hakutaka. Alilia, aliniambia yaya unataka kujiua. Nilimuambia nitalala bila kutingizika siku mbili, tangu tarehe 24 hakuna tone moja, Kambale iko na mama yake, Paluku hana mutu. Nilimutukana mpaka akaenda kumutafuta. Alivaa viatu vyangu.

Docteur hajue. Nimeweka mukoba yake ya nguo ku mukeka, na blangeti juu, sawa mutu amelala.

Siku ya tano, 9/11.

Silali. Sitingizike. Nimeomba Mungu siku moja tu. Ba infirmières bamejua. Docteur hakunikemea. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

Siku ya tatu, 14/11.

Leo naweza kushika bic ya kuandika. Niandike mbele ya kusahau, ao mbele ya batu kuniambia ingine.

Siku ya posho, tarehe kumi, saa tatu ya asubuhi. Nilikuwa nimelala tu. Sikunyanyuka, sikukohoa. Niliskia moto mu miguu, nikafikiri ni mukojo. Infirmière Georgine aliinua shuka, akapiga kelele. Ilipita matelas, ikaanguka chini. Maumivu, hakuna. Hata pale, hakuna.

Docteur alisema bila damu hawezi kufungua, nitakufa ku meza. Baliniwekea maji mu mishipa, miguu juu. Balitafuta O négatif ku camp ya basoda, ku paroisse ya padri, ku soko. Georgine alikuwa anaweka sikio ku tumbo na ile kombe ya mbao. Saa ine aliskia Kambale. Saa tano aliskia, mais polepole. Saa sita alisikiliza muda murefu. Akahamisha kombe. Akahamisha tena. Halafu akaiweka mu mufuko ya blouse, hakuniangalia.

Saa saba na nusu Jeannette aliingia. Miguu yake ilikuwa udongo mpaka ku magoti, na Paluku ku mugongo, amelala. Mama mukwe alikuwa nyuma na fimbo. Balitembea tangu alfajiri ya tarehe tisa. Jeannette hakuuliza kitu. Alimuteremusha Paluku, akanyoosha mukono. Balitoa kwake chupa mbili. Docteur alisema mbili ni mingi kwa mutu aliyetembea vile. Yeye akasema toa.

Balinifungua. Placenta ilikuwa imeota ndani ya kovu, ilikataa kutoka, sawa vile docteur alisema ya mufuko na kitambaa. Balitoa kizazi yote pamoja nayo. Bwana ndiye angesaini, haiko, Jeannette alisaini.

Kambale alikuwa na nywele mingi. Mikono ya baba yake. Balinionyesha sababu niliomba.

Siku ya tano, 16/11.

Kwetu placenta inazikwaka ku shamba ya ndizi ya nyumba. Yangu sijue balipeleka wapi. Sikuuliza.

Mutoto mama mukwe alimuzika yeye mwenyewe, nyuma ya kanisa. Jeannette alikata kipande ya robe yake, fasi ya mukia, bakamufungia. Ni ile fasi nilikuwa nimeshona ku tumbo yangu.

Siku ya Mungu, 18/11.

Nimekasirika na mama mukwe. Niliomba padri amutaje Kambale mu misa. Yeye akamuambia padri hapana, mutoto ambaye hakulia hahesabiwe, jina lake linamungoya mwengine. Atakuya, anasema. Utazala tena, uko kijana bado.

Hakuna mutu alimuambia ya kizazi. Niligeuka ku ukuta.

Siku ya ine, 22/11.

Docteur alikaa ku kitanda. Nilimuuliza, akajibu, na ninamushukuru alijibu kweli: kama Jeannette angekuwa hapa saa tatu, pengine mutoto angelia. Kizazi ingetoka tu, ilikuwa imeharibika tangu mwanzo. Mais mutoto, pengine.

Ni mimi nilimutuma. Paluku alibakia mu pori usiku mbili, chini ya majani, na muzee asiyeweza kukimbia. Jeannette alibapata sababu Paluku alikuwa analia, na basoda balikuwa karibu. Nikiulizwa tena nitamutuma tena. Ile ndiyo inaniua. Sina hata fasi ya kuweka majuto.

Jeannette ameambia mama mukwe yote. Muzee alitoka inje, akakaa ku mvua.

Siku ya kwanza, 26/11.

Leo ndiyo siku docteur alikuwa ameandika ya kunipasua.

Jua kidogo. Nimemaliza ourlet ya robe, pindo ya chini. Imekuwa fupi nyuma. Jeannette anasema Beni batafikiri ni mode. Paluku analala ku mukeka yake, hanitoke mbali.

Mutu wa paroisse alipita na cahier, daftari yake, anaandika bakimbizi ba Kalunguta ili bapewe maharagi. Kila mama na batoto bake. Aliniuliza: batoto ngapi? Nilivuta robe ku tumbo. Akaangalia Paluku, akaweka bic ku karatasi kuandika moja.

Mama mukwe alikuwa anapepeta muchele ku mulango. Hakuinua kichwa. Akasema: babili.

Mutu akauliza wa pili iko wapi. Muzee aliweka lungo chini, akakuya mpaka ku kitanda, akaonyesha cahier na kidole. Wa kwanza Paluku, akasema, huyu hapa. Wa pili Kambale. Andika Kambale.

Aliandika. Niliisoma kichwa chini, kutoka ku muto. K yake ni mubaya, mais inasomeka.