Asali ya Bibi na Kikohozi cha Xavery

Shangazi Advera, shikamoo. Nasoma kidato cha tatu hapa Ipuli, na nakuandikia kwa sababu nampenda bibi yangu na nampenda mdogo wangu Xavery, na sasa naona kama nalazimishwa kuchagua mmoja. Xavery hajatimiza mwaka, anakohoa, mama akampeleka kliniki na daktari akasema ni mafua tu, anyonye sana, ila asipewe asali kabla ya mwaka kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi, lakini Jumatatu mama anarudi sokoni na bibi anakuja na treni kutoka Kigwa kumlea, na ameshasema kwenye simu kwamba analeta asali ya mzinga wa babu amlambishe asubuhi na jioni. Mama ni mkwe, hawezi kumpinga. Mimi nikachukua simu nikamweleza bibi kama tunavyofundishwa darasani, kwamba utafiti umeonyesha hivi na vile, naye akacheka sana: "Mke mwenzangu, huyo Utafiti amezaa wangapi? Mimi nimekuza saba kwa asali, na baba yako yumo!" Nimwambieje bila kumvunjia heshima?
Eustadia

Marahaba, Eustadia. Moyo wako ni mzuri, lakini bibi anakutania, wewe unamhutubia! Mjukuu ana ruhusa ambayo mkwe hana. Itumie. Mwambie: "Mke mwenzangu, Utafiti hajazaa, ila amefuatilia watoto wengi kuliko abiria wa treni yako, hata wale ambao hawakupona. Wewe unatusimulia waliokua tu." Kisha mwache afikiri. Wala usiseme asali ni mbaya, maana utafiti huohuo umeona inatuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka. Bibi hakukosea dawa, amekosea umri.

Ila usitegemee utani peke yake. Mwambie baba leo, kabla bibi hajapanda treni. Huyo ni mama yake, na kazi hiyo ni yake kuliko yako. Bibi akifika, ambebe Xavery mpaka kliniki amuulize daktari mwenyewe, "Umejuaje?" Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Na Xavery akihema kwa shida, akilegea au akikataa titi, msingoje mshindi wa mabishano apatikane. Mpelekeni hospitali, bibi akiwa mbele.