Mipira ya Resori

Nyabiondo, siku ya posho

Kaka Gentil, kule Walikale mvua iko je?

Tumebadilisha mipira ya resori ya nyuma ya jeep, zile springi za kubeba uzito wa gari, hapa nyumbani. Papa alitaka kuipakaa siagi ya ng'ombe ili iingie. Nilikatala: mafuta inakulaka mupira. Maji ya sabuni ilitosha.

Unajua buloni, zile skrubu kubwa za kushika resori, zinakazwaka wakati gani? Gari ikishabeba muzigo yake ya kila siku. Kama sivyo, mupira unajipinda na unapasuka upesi. Nikapakiza bidoni za maziwa. Papa akazishusha zote, akapanda, akalala mu nyuma.

"Kaza sasa," akasema. "Utanipeleka hivi hopitali ya Kirotshe."

Unanijua, naulizaka kila kitu. Kukonda kwa Papa tu njo sikuuliza.

Nilikaza polepole. Ukuje.

Dada yako,
Uwizeye